Ile filamu ya dubu imetugombanisha parokia nzima

Tangu Jumapili grupu ya WhatsApp ya wazazi wa parokia yetu haijalala. Sababu filamu. Na si filamu ya uchafu wala ya kukatana mapanga, ni filamu ya watoto ya 2007, ya msichana mmoja na dubu mweupe mwenye kuvaa chuma, Waingereza wanaiita The Golden Compass, sisi huku Lubumbashi tuliipata kwa Kifaransa, La Boussole d'or. Tuliionyesha kwenye sali ya parokia kumaliza mwaka wa masomo, jenereta inanguruma nje, watoto wamejaa mpaka kwenye madirisha, na dubu alipomng'oa mwenzake taya wote wakasimama juu ya mabenchi. Walienda nyumbani na furaha. Mtoto mmoja akamuelezea mama yake, mama akafungua simu akatafuta, na ndo hapo.

Odio ya kwanza ilikuwa ya kilio kabisa. "Bazazi, bazazi, batoto betu banaonyeshwa mashetani mu nyumba ya Mungu! Kila muntu mule eko na demoni yake, na ile demoni njo rafiki yake, anabeba pa bega!" Chini yake mikono ya kuomba, mikono ya kuomba, mikono ya kuomba, mtu akauliza nani alichagua hiyo filamu, mwingine akatuma tangazo la mkaa wa kuuza gunia zima, alafu maombi yakaendelea.

Nani alichagua? Mimi. Ni mwalimu, nawasaidia watoto wa parokia wakati wa vakansi, na nilichagua nikijua vizuri ninachochagua. Naandika hapa ju kwenye ile grupu huwezi kumaliza wazo moja mbele hujakatwa na Zaburi.

Kwanza mjue mama zetu hawakuvumbua kitu. Philip Pullman, mwenye kuandika hivyo vitabu, ni Mwingereza, alifundisha shule huko Oxford miaka mingi, babu yake alikuwa padiri wa Kianglikana, yeye mwenyewe haamini Mungu na hafichi. Kitabu cha kwanza kilitoka 1995, cha pili 1997, cha tatu 2000. Kampuni ya New Line, ile iliyotutolea The Lord of the Rings, ikamwaga humo kama dola milioni 180, ikamuita Nicole Kidman, ikamuita Daniel Craig, ikapanga filamu itoke Desemba 2007, Noeli inakaribia. Toka Oktoba Catholic League ya Marekani, chini ya bwana mmoja Bill Donohue, ilishaanza kuwaambia Wakatoliki wasitie mguu sinema, wakachapa hata kijitabu. Na mi hoja yao naiheshimu kidogo, haikuwa hoja ya kijinga. Walisema: filamu imelainishwa, yenyewe haitamfanya mtoto kitu, lakini mtoto akiipenda atamuomba baba yake amnunulie vitabu kwa Noeli, na kwenye vitabu ndo mambo yenyewe yamo.

Hapo Kanisa lenyewe likachanganyikiwa. Ofisi ya maaskofu wa Marekani yenye kuchambua filamu iliandika kwamba ni filamu nzuri, alafu Desemba hiyo hiyo makala ikaondolewa. Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, likaipiga vibaya sana. Kanada, mkoa wa Ontario, bodi ya shule za Kikatoliki za Halton ikaondoa kitabu kwenye rafu za maktaba. Na upande wa pili uko na Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, mkubwa wa Waanglikana wa wakati ule, ambaye 2004 alipanda jukwaani na Pullman huko London kwenye National Theatre, wakaongea mbele ya watu, na alishasema hadithi ile ingefaa kujadiliwa kwenye masomo ya dini. Askofu mkuu mzima, na hakukimbia.

Sasa nisiwadanganye wazazi wenzangu, ju naona wengine upande wangu wanataka kuosha ile hadithi mpaka ing'ae. Pullman mwenyewe aliambia gazeti moja la Australia 2003 kwamba vitabu vyake vinahusu kumuua Mungu. Ndiyo alisema. Kwenye kitabu cha tatu kuna mmoja anaitwa Mamlaka, ni malaika wa kwanza kabisa, aliwadanganya wenzake waliokuja nyuma kwamba yeye ndiye aliyewaumba, akatawala, akazeeka, sasa ni kizee hana nguvu hata ya kusema, amefungiwa ndani ya sanduku la kioo, analia kama mtoto. Watoto wawili wanamuona, wanamuonea huruma, wanamfungulia. Upepo unampiga, anayeyuka, na uso wake kabla hajaisha unaonekana kama amepumzika. Niliposoma pale nilifunga kitabu, nikapiga ishara ya msalaba, alafu nikafungua tena niendelee, ju nilitaka kujua mbele kuna nini.

Mi kama Mkatoliki naona pale Pullman alimpiga mtu ambaye si wangu. Yesu katika vile vitabu karibu hayumo. Mkubwa anayekaa juu, ana majeshi, ana mapolisi, anaogopa watoto wasikue, huyo mimi sijawahi kumuomba. Nimewahi kumuona lakini, anaendesha gari za vioo vyeusi. Kama mtu anataka kuandika kurasa mia ngapi za kumuangusha huyo, aandike tu.

Filamu yenyewe, ile ambayo watoto waliona, haina hata hayo. Chris Weitz aliyeiongoza alijua moto unakuja, ile Magisterium ya kitabu, ambayo ni Kanisa waziwazi, kwenye filamu ikabaki kama serikali fulani ya wazee wenye kofia. Na mwisho wakaukata! Sura za nyuma za kitabu, ambapo mtoto anakufa mkononi mwa mtu mzima ambaye alimuamini, walizipiga picha kweli alafu wakaziondoa wakisema zitaingia kwenye filamu ya pili, tukapewa msichana anayeruka kwenye puto angani na muziki mtamu. Bukari, ule ugali wetu, bila mboga. Na hakuna aliyeridhika, Wakatoliki wa Donohue waliendelea kukasirika, wasioamini wa Uingereza nao wakalalamika kwamba mmetoa dini, na wapenzi wa vitabu wakauliza hadithi yetu iko wapi.

Pesa: Marekani iliingiza kama milioni 70 tu, dunia nzima karibu milioni 372. Lakini New Line ilikuwa imeshauza haki za nchi za nje mapema ili ipate pesa za kutengeneza, kwa hiyo zile za nje zikaenda kwa waliozinunua haki. Februari 2008 filamu ikapata Oscar ya effets visuels, ule ufundi wa picha za kompyuta, mwaka huo huo New Line ikamezwa na Warner Bros, na filamu ya pili haikuja. Donohue alihesabu huo ni ushindi wake. Mi sioni vile, naona walioikata mwisho wake waliiua wenyewe mapema. Ushahidi wangu ni huu, kutoka 2019 mpaka 2022 BBC na HBO walitengeneza hadithi yote kwa televisheni, Kanisa limerudi, mzee wa kwenye sanduku amerudi, kila kitu, na makelele ya 2007 hayakurudi.

Basi tuseme kile kilichowashtua mama zetu, zile "nyama", yaani wale wanyama ambao kitabu kinawaita dæmon, na mama akasikia demoni. Katika ile dunia, roho ya mtu haikai ndani, inatembea pembeni yake kama mnyama. Mtoto, mnyama wake anabadilika kila saa, mara ndege mara panya mara chui, ju mtoto bado hajajua atakuwa nani. Akikua mnyama anabaki na umbo moja. Wanaongea, wanagombana, mmoja akiumia mwingine anaumia, na mtu mwingine kugusa mnyama wako ni aibu kubwa sana. Ni hivyo tu. Katekista wangu wa zamani alihangaika mwaka mzima kutueleza roho ni nini, na hatukuelewa kama watoto wa sali yetu walivyoelewa kwa nusu saa.

Na njama ya hadithi ni hii: watoto wanaibiwa. Si watoto wa wakubwa, ni wa maskini, wa watu wa mashua, wa jikoni. Wanapelekwa kaskazini kwenye baridi, mahali panaitwa Bolvangar, pasafi, kuna chakula, kuna manesi, na pale wanatenganishwa na wanyama wao kwa mashine. Wanaofanya si majambazi, ni watu wa cheo wanaosema kwa sauti nzuri kwamba ni kwa faida ya mtoto mwenyewe, ili dhambi isimshike akikua. Mama mmoja mzuri sana, ananukia pafyumu mpaka kwenye skrini, anamueleza msichana kwamba ni kukatwa kidogo tu.

Pale sali ilinyamaza. Mbele walikuwa wanapiga kelele, wanauliza dubu anakula nini, pale kimya. Alafu kijana mmoja wa mstari wa mbele, ana kama miaka tisa, akageuka kwangu. "Madamu, ile mutoto banamukata nyama yake, baba yake eko wapi?" Nikamwambia tuangalie. "Ni yeye alimutoa?" akasema. Sikuwa na jibu la haraka.

Kwenye kitabu ni kubaya zaidi. Msichana anaambiwa kuna zimwi kwenye kibanda cha kukaushia samaki, watu wazima wote wa kijiji wanaogopa kukaribia, anaingia na taa na anamkuta mtoto mdogo, amejikunja kwenye kona chini ya samaki waliotundikwa. Mnyama wake amekatwa. Na mkononi ameshika samaki mkavu, amembana kifuani kwa mikono miwili, ju lazima ashike kitu. Usiku huo anakufa. Asubuhi mwanaume mmoja amemchukua yule samaki na kuwapa mbwa wake, na msichana anawaka hasira ambayo sijaiona kwenye kitabu kingine cha watoto, anachukua sarafu ya dhahabu, anachora juu yake jina la mnyama wa marehemu kwa ncha ya kisu, anaiweka mdomoni mwake ili asiende peke yake. Filamu haikuthubutu kuweka hayo. Mi samaki mkavu naununua kila wiki, unatoka Kasenga, na kuna siku sokoni ule ukurasa unanirudia nakosa hamu.

Ju huku kwetu watoto kama yule wapo, na hatuwaiti kwa jina lolote la filamu. Tunasema mulozi, yaani mchawi. Baba anapoteza kazi ya mgodi, au mama anakufa na baba analeta mwingine, kuna mtoto nyumbani anakojoa kitandani, au anaongea usingizini, au anakula sana, au ana akili kuliko umri wake. Mtu anaona ndoto. Wanaenda kwenye chumba cha maombi, huko wanaambiwa ndiye huyo anafunga milango ya familia. Anawekwa njaa, anapigwa mpaka akubali kwamba usiku anaruka na anakula watu, na akikubali ndo ushahidi. Baada ya hapo anakaa barabarani. Human Rights Watch waliandika ripoti nzima 2006 juu ya watoto wa barabarani wa Kongo na Lubumbashi imo. Katiba yetu ya mwaka huo huo, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inampa mwenye kushtaki kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sijaona aliyefungwa mtaani kwetu.

Nilikuwa na mwanafunzi. Sitasema mwaka wala darasa. Alikuja siku moja amenyolewa kichwa vibaya, vipande vipande, na saa ya kupumzika wenzake walimgawia mkate akaukataa, akasema hawezi kula akiangaliwa ju watasema anawala wao. Wiki iliyofuata hakuja. Nikaenda kwao, nikaambiwa ameenda kijijini kwa bibi yake, bibi ambaye yeye mwenyewe alishaniambia amekufa. Wasalesiani wa Bakanja, kile kituo cha watoto wa barabarani, ndo walimpata baadaye, mjini, na leo anajifunza kuchomelea vyuma, anaendelea vizuri, asante Mungu. Ile familia inasali na sisi. Niliongea na wazazi wengine wakati ule, wakaniambia Madamu, mambo ya nyumba ya watu usiingie. Odio hazikutumwa. Grupu ilikuwepo!

Hasira yangu yote Jumapili ilikuwa hapo, na nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu wa kuwatukana kistaarabu, nikaacha kwanza, nikaenda kumuona mama wa ile odio, ju ni jirani, anauza mikate ya kukaanga karibu na nyumba yetu Katuba. Akanipa kibao nikae. Mafuta yanachemka, anatumbukiza unga kwa vidole bila kuangalia.

"Mama," nikamwambia, "ile filamu uliiangalia?"

"Siiangalie ya nini. Mutoto aliniambia yote." Akageuza mikate. "Madamu, weye unasoma, unajua ni kitabu. Mimi minajua pia ni hadithi, si mujinga. Lakini ule wangu wa mwisho, tangu Jumapili anasema na nyama yake. Anakula anaiwekea kidogo pembeni ya sahani. Anasema ni ndege, usiku inakuwa panya. Anasema mbele ya shangazi yake! Na weye unajua shangazi yake anasali wapi."

Najua anasali wapi. Nilikaa pale na mkate wangu wa moto mkononi, na nikaona huyu mama hakuwa anaogopa Pullman hata kidogo. Kule Ontario mtoto akisema ana mnyama asiyeonekana, mzazi anacheka, au anapiga video. Hapa mtoto huyo akisema vile mbele ya mtu mbaya, wiki mbili baadaye kichwa kimenyolewa. Yeye kwenye grupu alilia juu ya mashetani ju ndo lugha pekee ambayo grupu inaisikiliza, angesema "naogopa wifi yangu" nani angemjibu?

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hivyo mapema. "Ningekuambia, weye ungefanya nini?" Swali zuri hilo, na nikawaza jibu njiani kurudi.

Padiri tulimfikia jioni, mimi na wengine wa kamati. Yeye hana shida na filamu, alicheka, alisema hawa watoto kila Juni wanaimba Kizito, yule shahidi wa Uganda, aliyechomwa moto Namugongo 1886 ju alimkatalia mfalme, na hakuna mama aliyesema wimbo unafundisha utovu wa nidhamu. Lakini anataka amani, padiri kila mara anataka amani, akapendekeza safari ijayo tuweke Narnia, ni ya Kikristo, kila mtu atafurahi. Katibu wa kamati akauliza, ile yenye sorcière, mchawi, kwenye jina lake? Padiri akatafuta miwani yake.

Tumeelewana hivi. Filamu inarudiwa Jumamosi baada ya misa ya saa kumi, na safari hii ni wazazi wanaoalikwa, watoto watakaa nyuma. Ikiisha, mimi nitasema dakika chache juu ya Bolvangar, alafu mtu wa sheria kutoka mjini, ambaye ameshakubali, atasoma kile kifungu cha 41 na ile sheria ya 2009 kwa Swahili yetu ya kila siku, na atasema unapeleka malalamiko wapi na unaanza na nani. Padiri atakaa mbele, nimemuomba akae mbele, ili waone amekaa. Mama wa mikate amesema atakuja na atamleta wifi yake, hata kwa kumvuta, ila yeye hatalipia kiti. Hakuna mtu analipia kiti, viti ni bure. Kinachokosekana ni mafuta ya jenereta, na wale wanaume wenye odio ndefu ndefu za usiku wa manane nimeshawaandikia mmoja mmoja, mpaka sasa wawili wamejibu, mmoja ametuma mikono ya kuomba.